Brazil, Southland Tales au Inland Empire: ipi inastahili usiku wako mzima?

Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini kuna filamu nzuri ambazo hazijiuzi kamwe. Huwezi kumpendekezea mtu bila kumtajia kwanza urefu wake. Unamwambia ni nzuri, kisha unamwambia ni ndefu, kisha unamwambia kwamba huenda asielewe nusu yake, na bado unamsihi aitazame. Filamu hizi huishi kwa sababu ya mashabiki wa kufa na kuzikana, watu wanaoambukizana mapenzi yao mmoja baada ya mwingine mpaka miaka ishirini au arobaini inapita. Ndipo mgeni anaposikia sifa hizo na kujiuliza swali la haki kabisa: filamu yenyewe bado ina nguvu, au kinachosifiwa sasa ni kumbukumbu za waliokuwapo?

Nimezichukua tatu ambazo watu hunitajia mara kwa mara wanapotaka kuanza. Ya kwanza ni Brazil ya Terry Gilliam, ya mwaka 1985, dakika 142. Ya pili ni Southland Tales ya Richard Kelly, iliyooneshwa kwenye tamasha la Cannes Mei 2006 na kuingia majumba ya sinema ya Marekani Novemba 2007, dakika 145. Ya tatu ni Inland Empire ya David Lynch, ya mwaka 2006, saa tatu kamili. Zote zinakwenda kwa mantiki ya ndoto na zote zimelaumiwa kwa urefu wake. Hata hivyo hazifanani, na anayeipenda moja kwa moyo wote anaweza kuchoka na nyingine kabla ya nusu saa.

Nitazipima kwa nini

Kwanza ni urefu. Sipimi dakika, napima kazi. Swali langu ni hili: ukiondoa kipande, kinachobaki kinapungukiwa au kinapata nafuu?

Pili ni ndoto. Ndoto halisi ina kanuni, hata kama yule anayeota hawezi kuzitaja. Unajua kwamba mlango huu unaingia nyumba ya bibi yako ingawa haifanani na nyumba ya bibi yako. Filamu ya kindoto isiyo na kanuni ni fujo tu, na fujo huchosha haraka.

Tatu ni umri. Kuna vitu vinavyochakaa, kama picha za kompyuta, utani wa msimu na siasa za mwaka fulani. Vingine huiva kadiri miaka inavyosonga.

Nne, na kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, ni kama kuna mtu ndani ya ndoto hiyo. Mtazamaji anaweza kuvumilia kutoelewa kwa muda mrefu sana, ilimradi kuna uso mmoja anaoujali.

Urefu

Kwa Brazil tuna bahati, maana jaribio limeshafanyika. Studio ya Universal, waliokuwa na haki ya kuisambaza Marekani, waliiona ndefu mno na yenye majonzi. Mkuu wao, Sid Sheinberg, akataka ikatwe na imalizike kwa furaha. Gilliam akagoma. Akalipia ukurasa mzima katika jarida la Variety, akimuuliza Sheinberg hadharani ataitoa lini filamu yake. Chama cha wakosoaji wa Los Angeles kikaichagua kuwa filamu bora ya mwaka 1985 kabla haijaanza kuoneshwa kwa umma wa Marekani, na studio ikalegea. Ikatoka huko ikiwa na dakika 132. Lakini toleo la studio nalo halikufa. Lina dakika 94, lilioneshwa kwenye televisheni, na linajulikana kwa jina la Love Conquers All.

Kwa hiyo yeyote anayesema Brazil ingekuwa bora kama ingefupishwa anaweza kwenda kutazama ilivyokuwa ilipofupishwa. Mimi nimefanya hivyo. Inakwenda mbio, inaeleweka, na haina uzito wowote. Ndoto nyingi za Sam Lowry, mhusika mkuu, zimeondolewa na mwisho umegeuzwa. Bila zile ndoto za kuruka angani na mbawa zake za fedha, Sam ni karani tu aliyependa mwanamke. Ukizirudisha, unamwona mtu ambaye amekimbilia ndani ya kichwa chake kwa sababu nje hakuna mahali pa kukaa. Kuna dakika 48 kati ya toleo hilo na lile la dakika 142, na moyo wa filamu uko humo. Nakiri kwamba theluthi ya mwisho ina kukimbizana kwingi, na dakika kumi za hapo nisingezililia. Zilizobaki zote zina kazi.

Southland Tales ina kesi tofauti. Toleo lililozomewa Cannes lilikuwa na takriban dakika 160. Kelly akarudi mezani, akapunguza robo saa hivi, akaongeza maelezo ya katuni mwanzoni ili watu wajue dunia hiyo ilifikaje hapo ilipo. Kwa kawaida hatua hiyo ingesaidia. Kwa maoni yangu imeumiza kidogo: toleo fupi linaeleza zaidi na linaeleweka kidogo zaidi, ila watu wanaingia na kutoka bila sababu, na nafasi ya Janeane Garofalo imekatwa karibu yote. Toleo la Cannes, ambalo kampuni ya Arrow walilitoa pamoja na lile la kawaida kwenye Blu-ray mwaka 2021, linapumua vizuri zaidi. Lakini ugonjwa wake si urefu. Ugonjwa wake ni msongamano. Filamu inaanzia sura ya nne! Sura tatu za kwanza ziko kwenye vitabu vya katuni vilivyouzwa peke yake. Hata ungeipa saa tano, bado ungehisi umefika kwenye arusi ya watu usiowajua wakati hotuba zimefika katikati.

Inland Empire haina toleo jingine la kulinganisha. Lynch hakuwa na muswada kamili alipoanza. Aliandika tukio moja, akalipiga picha, akaandika jingine, hivyo hivyo kwa miaka kadhaa. Ukisikia hayo unaweza kudhani alishindwa tu kukata. Sidhani. Alikuwa na vipande vingine vya zaidi ya saa nzima, ambavyo alivikusanya kwenye DVD kwa jina la More Things That Happened. Maana yake saa tatu alizotuachia alizichagua. Na zinafanya kazi moja mahususi, nayo ni kukuchosha mpaka usahau ulikoanzia. Mhusika mkuu anapoteza kumbukumbu ya yeye ni nani, na filamu inataka wewe nawe upoteze. Hilo haliwezekani kwa dakika tisini. Kila mara ninapoitazama nahisi kuna nusu saa ingeweza kutolewa, na kila mara ninahisi ni nusu saa nyingine tofauti na ya awali.

Ndoto

Katika Brazil mpaka uko wazi kwa muda mrefu. Kuna ndoto za Sam, zenye mawingu, mbawa na jitu la kijapani lililovaa deraya, na kuna maisha yake ya kazini. Ajabu ni kwamba maisha ya kazini ndiyo ya kichaa zaidi. Mfanyakazi mmoja anapiga nzi darini. Nzi anaanguka ndani ya mashine ya kuchapa, herufi moja inabadilika, na jina la Tuttle linatoka Buttle. Kwa kosa hilo askari wanatoboa dari ya familia moja usiku, wanamfunga baba ndani ya gunia mbele ya watoto, na ofisa anampa mke karatasi asaini: stakabadhi ya mume wake. Kisha anachukua stakabadhi ya ile stakabadhi. Hakuna kitu cha kindoto hapo isipokuwa utaratibu wenyewe. Mpaka kati ya ndoto na macho unapoanza kuyeyuka baadaye, wewe uko tayari, kwa sababu filamu imekuzoesha.

Southland Tales ni homa kuliko ndoto. Ni kama kulala na televisheni ikiwaka: taarifa ya habari, tangazo la magari mawili yanayopandana kama wanyama, vichekesho, aya za Kitabu cha Ufunuo, polisi, wimbo. Tuko Los Angeles mwaka 2008, baada ya mabomu ya nyuklia kulipuka Texas Julai 4, 2005. Mwigizaji aliyepoteza kumbukumbu, anayechezwa na Dwayne Johnson, ameandika pamoja na nyota wa filamu za ngono hadithi ya mwisho wa dunia, na hadithi hiyo inaanza kutokea. Kuna nishati mpya itokanayo na bahari, na inapunguza kasi ya dunia kuzunguka. Kanuni za ndoto hii zipo. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa nje ya filamu.

Hata hivyo kuna dakika chache ambazo siwezi kuziacha. Justin Timberlake, askari aliyerudi kutoka Irak na kovu usoni, yuko ndani ya jumba la michezo ya video. Fulana yake ina damu kifuani. Anatembea kuelekea kamera akifuatisha kwa midomo wimbo wa The Killers, wacheza densi waliovaa kama wauguzi wakijipanga nyuma yake, na anajimwagia bia kichwani. Kisha anaacha kuimba. Wimbo unaendelea bila yeye, naye anatazama tu. Kila kitu ambacho filamu inahangaika kukisema kuhusu vita na starehe kiko kwenye uso huo, na hakikuhitaji maelezo ya mtu yeyote.

Inland Empire ndiyo ndoto ya kweli kati ya hizi tatu, na kanuni yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: milango. Nikki Grace, anayechezwa na Laura Dern, ni mwigizaji aliyepata nafasi katika filamu ambayo ni marudio ya filamu iliyotokana na ngano ya Kipoland, isiyomalizika kwa sababu waigizaji wake wakuu waliuawa. Kuanzia hapo kila mlango unaofunguliwa unaingia maisha mengine ya mwanamke huyohuyo, au mwanamke anayefanana naye. Hollywood inaungana na mtaa wenye theluji huko Łódź, Poland. Kuna chumba wanakoishi sungura wenye miili ya watu, mmoja anapiga pasi, na hadhira isiyoonekana inacheka mahali ambapo hakuna cha kuchekesha.

Ukitaka kujua kama filamu hii ni yako, tazama tukio la jirani, mapema kabisa. Mwanamke mzee, Grace Zabriskie, anakuja kumtembelea Nikki na kunywa kahawa. Kamera iko karibu mno na uso wake, macho yake yamekuwa makubwa, anaongea kwa lafudhi nzito. Anasimulia kisa cha mtoto aliyetoka mlangoni akaenda kuona ulimwengu, na alipopita mlangoni taswira yake ikazaa uovu. Halafu ananyosha kidole kuelekea kochi upande wa pili wa sebule na kusema kwamba ingekuwa kesho, Nikki angekuwa amekaa pale. Nikki anageuka kutazama. Na kweli amekaa pale, ni kesho, na simu inalia. Hakuna madoido wala picha za kompyuta, ni kidole tu na mkato mmoja. Kama mwili wako ulisisimka hapo, endelea. Kama uliona ni upuuzi, saa mbili na nusu zilizobaki hazitakushawishi.

Umri

Hapa ndipo nilipopata mshangao, kwa sababu filamu iliyojitahidi zaidi kutabiri ndiyo iliyozeeka kwa namna ngumu zaidi.

Brazil ilikataa kutaja mwaka. Inaanza kwa maandishi yanayosema tu kwamba tuko mahali fulani katika karne ya 20. Kompyuta zake zina skrini ndogo kama kiganja, na mbele yake kumewekwa kioo cha kukuzia. Barua zinasafiri kwa mirija ya hewa, mabomba yanatambaa kila ukuta. Vilikuwa vya kale siku filamu inatoka, kwa hiyo leo haviwezi kuwa vya kale zaidi. Pia vyote vilijengwa kwa mikono au vilitafutwa vilivyo: chumba kile cha mateso ni ndani ya mnara halisi wa kupoozea mvuke wa kituo cha umeme cha Croydon, na ukubwa wake unauhisi kwa sababu upo kweli. Upande wa mawazo ndio usiseme. Bomu linalipuka mgahawani, majeruhi wanagaagaa, na wahudumu wanaleta pazia la kusimamisha ili wateja waliobaki wamalize chakula bila kusumbuliwa na mandhari. Wanamuziki wanaendelea kupiga. Tukio hilo lingeweza kuandikwa asubuhi ya leo.

Kilichochakaa ni Jill. Mwanamke ambaye Sam anahatarisha kila kitu kwa ajili yake ana lori, ana hasira, ana haraka, na zaidi ya hapo filamu haina muda naye. Yeye ni ndoto ya Sam kwanza, mtu baadaye. Unaweza kusema hilo ndilo kosa la Sam na filamu inalijua. Nusu yangu inakubali hoja hiyo, nusu nyingine inaona Gilliam naye hakumtazama Jill vizuri.

Southland Tales ilitaja mwaka, na mwaka huo ukapita. 2008 ilikuja bila mabomu ya Texas. Utani wake mwingi ni wa msimu wa 2006 na umeoza pamoja na msimu, na meli yake ya angani ya mwishoni inaonekana wazi ni kazi ya kompyuta ya bajeti ndogo. Ila nyamaza dakika moja utazame kilichobaki. Serikali inayochunguza kila mtandao na kila kidole cha mpiga kura. Uchaguzi ambao umeingiliana na burudani mpaka huwezi kutenganisha. Nyota wa ngono mwenye kipindi cha mazungumzo, wimbo, na kinywaji chenye jina lake, ambaye anaongea kuhusu siasa na watu wanamsikiliza. Skrini ndani ya skrini, maandishi yakikimbia chini, sauti tatu kwa pamoja. Mwaka 2007 watu walilalamika kwamba macho hayajui pa kutua. Leo macho yetu yote yanaishi hivyo, na vurugu ile imekuwa rahisi kuitazama kuliko ilivyokuwa ilipotoka. Iliingiza chini ya dola 400,000 kwenye majumba ya sinema, ilhali iligharimu takriban milioni 17. Walioiacha siku hizo hawakukosea kuhusu kasoro zake. Walichokosea ni kudhani kwamba ile fujo haikuwa na habari.

Inland Empire ilionekana mbaya siku ya kwanza. Lynch aliipiga kwa kamera ya kidijitali ya Sony PD150, chombo cha watu wa habari na wapiga picha za sherehe, na akaenda nayo tamasha la Venice mwaka huohuo alipopewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Picha ina chenga, weusi wake si weusi, nyuso zinameguka taa zikizidi. Waliozoea urembo wa filamu zake za awali waliumia. Sasa kila simu inatoa picha safi kuliko ile, na usafi umekuwa jambo la kawaida mno hata haushtui. Zile chenga zimegeuka kuwa kama mkanda uliookotwa, kitu ambacho hukutakiwa kukiona. Toleo lililosafishwa chini ya usimamizi wa Lynch na kutolewa mwaka 2022 limeongeza uangavu bila kuondoa hali hiyo, na ndilo ningekushauri. Lynch alifariki Januari 2025, na hii ndiyo iliyobaki kuwa filamu yake ndefu ya mwisho kwa ajili ya sinema. Najua hilo limenifanya niitazame kwa upole zaidi.

Mtu ndani ya ndoto

Jonathan Pryce ana uso unaofaa kwa Sam: mwoga, mpole, mwenye aibu ya kuwa na mama mwenye vyeo. Tukio linalombeba ni la hundi. Anapeleka kwa mjane wa Buttle hundi ya fidia, akifurahi kwamba ofisi imefanya jambo la uungwana. Mama yule hapigi kelele. Anamuuliza mwili wa mume wake wameupeleka wapi. Dari bado ina tundu. Sam anaanza kujieleza kwa lugha ya fomu, na unaona maneno yanavyomfia mdomoni. Tangu hapo unamjali hata anapofanya upumbavu.

Southland Tales ndiyo dhaifu hapa. Watu ni wengi na kila mmoja ni wazo. Johnson anajitahidi kwa dhati. Mhusika wake, Boxer Santaros, akipatwa na woga anagonganisha ncha za vidole vyake kama mtoto aliyefumaniwa, mwanamume mwenye kifua cha ukuta, na mimi humpenda kila anapofanya hivyo. Seann William Scott, akiwa mapacha wawili, anapata huzuni ya kweli dakika za mwisho. Lakini unasubiri mno kuifikia.

Laura Dern yuko ndani ya karibu kila dakika ya Inland Empire, na sijui mwigizaji mwingine aliyetakiwa kubeba kiasi hicho bila kuambiwa anaelekea wapi. Lynch aliamini hivyo pia: alikwenda kukaa kando ya barabara Hollywood na ng'ombe hai na bango, akimfanyia kampeni apate uteuzi wa Oscar. Hakuupata. Kuna tukio ambalo Dern, akiwa amechomwa bisibisi tumboni, anaanguka kwenye lami ya Hollywood Boulevard kati ya watu wanaolala nje. Wanawake wawili walioketi pembeni yake wanajadiliana kuhusu basi la kwenda Pomona. Mazungumzo yao ni marefu, ya kawaida, hayana haraka. Mmoja anawasha kiberiti cha gesi na kumwangazia usoni anapokata roho. Sitakuambia kinachofuata. Nitasema tu kwamba bila yale mazungumzo ya basi, yaliyoonekana kupoteza muda, tukio lisingeuma namna lile, na kila ninapobishana na mtu kuhusu urefu wa filamu hii narudi hapo.

Kabla hujaiwasha

Hakikisha toleo. Kwa Brazil angalia dakika kwenye kasha au kwenye maelezo: 142 ndiyo ya Gilliam, 132 inakubalika, 94 iache mpaka utakapotaka kulinganisha. Southland Tales ina sura, kwa hiyo unaweza kusimama sura ya tano inapoanza na kurudi kesho bila hasara kubwa. Inland Empire usiikate. Itazame giza likiingia, simu ikiwa chumba kingine, spika nzuri au visikizi masikioni, kwa sababu sauti aliishughulikia Lynch mwenyewe na nusu ya hofu iko kwenye mngurumo ule wa chini. Zote tatu si za kutazama na watoto: kuna mateso katika Brazil, matusi na ngono katika Southland Tales, na katika Inland Empire nyuso ambazo hata mtu mzima hukutana nazo tena akizima taa.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kutazama filamu ya kindoto hata moja na unataka kujua utamu uko wapi, Brazil ina hadithi unayoweza kuishika mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Inamfaa pia mtu aliyewahi kuzungushwa dirisha hadi dirisha akitafuta muhuri mmoja, maana atajiona.

Kama mko kundi, mnapenda kusimamisha na kubishana, na hamuudhiki filamu ikishindwa katikati ya kujaribu jambo kubwa, wekeni Southland Tales. Wapenda siasa na watu wanaosoma jinsi habari zinavyotengenezwa watapata mengi humo kuliko wapenda hadithi. Ukiweza kupata vile vitabu vya katuni kwanza, itakuwa filamu nyingine. Kama unahitaji mhusika mmoja wa kumfuata, au huna subira na filamu inayokurushia mambo kumi kwa wakati mmoja, hii si yako, na hakuna ubaya.

Kama uko peke yako, usiku ni wako wote, na uko tayari kutoelewa kwa muda mrefu, chagua Inland Empire. Usiitazame ukiwa na usingizi, kwani utaulaumu urefu kwa kosa la kitanda. Usiitazame ukiwa na majonzi mazito pia. Ina njia ya kuyachokonoa. Mashabiki wa filamu za kutisha waliochoka kurushwa kwenye viti na kelele za ghafla watapata hapa hofu ya aina nyingine, inayopanda polepole kama maji.

Aliyezitazama zote zamani na anataka kurudia moja, mimi ningemwelekeza Southland Tales, kwa kuwa ndiyo iliyobadilika zaidi tangu tulipoachana nayo.

Na kama uliwahi kuianza Inland Empire ukaizima, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza baada ya saa moja, usianze tena kwa kutafuta maelezo ya hadithi. Rudi sebuleni kwa Nikki, kahawa ikiwa mezani, umsikilize jirani, na utazame kidole chake kinapoelekea kwenye kochi.